Choa cha paka: namna ya kutibu mtoto, mnyama na nyumba kwa pamoja

Mwanangu wa mwisho alirudi kutoka mnadani kwa wavuvi, Mikindani, na kitoto cha paka ndani ya kofia yake ya chuoni. Kilikuwa na rangi ya majivu, mbavu nje, na nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na kipara cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikadhani kimeparuliwa na paka wakubwa wanaogombea vichwa vya samaki. Nikakipa dagaa, kikalala kwenye mkeka wa watoto.

Siku kumi baadaye mtoto alikuwa na duara shingoni. Wiki iliyofuata likanitoka mimi ndani ya kiwiko, pale ninapompakata paka. Kisha dada mtu akaanza kujikuna kichwa usiku. Dukani niliuziwa tyubu ya dawa ya mchanganyiko, nikapaka, na siku ya tatu muwasho ukatulia. Wiki ya tatu duara la shingoni lilikuwa limetanuka mpaka begani.

Vita hivyo vilituchukua miezi minne. Vingeisha mapema kama ningejua kwamba choa cha mnyama kina makazi matatu: ngozi ya mtu, manyoya ya mnyama, na vumbi la chumbani. Ukikifukuza kwenye moja kinahamia jingine, kisha kinarudi. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa mfuatano wa kusomeka tu. Kwenye utekelezaji, kazi za makazi yote matatu zianze wiki moja.

Adui mwenyewe

Choa ni fangasi, wala si minyoo na si uchafu wa mtu. Yule anayetoka kwa paka na mbwa mara nyingi huitwa Microsporum canis. Sungura na simbilisi hubeba jamii ya Trichophyton, na ng'ombe ana wake pia, Trichophyton verrucosum, ambaye wafugaji humpata mikononi wakati wa kukamua. Wote wanakula kitu kimoja, keratini, iliyomo kwenye ngozi, nywele na kucha.

Mbegu zake, yaani spora, hung'ang'ania kwenye unywele uliokatika. Unywele huo ukidondoka kwenye mkeka au mto wa sufi unaweza kubaki na nguvu ya kuambukiza kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka na nusu mahali pakavu penye kivuli. Jingine linalochanganya watu: paka anaweza kubeba spora kwenye manyoya bila kipara hata kimoja. Kwa hiyo paka "mzima" wa nyumba yenye mgonjwa naye ni mshukiwa. Kwa binadamu dalili hutokea baada ya siku 4 hadi 14 tangu aguse, kwa mnyama wiki moja hadi tatu. Hesabu kurudi nyuma, mara nyingi utakuta siku ambayo mnyama mgeni aliingia nyumbani.

Hatua ya kwanza: mkague mnyama juani

Mtoe nje asubuhi jua likiwa kali, umweke mapajani juu ya kitambaa cha zamani ambacho utakifua baadaye. Vaa mikono mirefu, na glovu kama zipo; mifuko ya nailoni iliyofungwa kwenye vifundo vya mikono nayo inatosha. Anza na uso: pembeni mwa pua, juu ya macho, kingo za masikio. Kunja sikio uangalie nyuma yake. Shuka kwenye miguu ya mbele, katikati ya vidole, malizia na mkia. Puliza manyoya taratibu ili yafunguke uone ngozi.

Choa kina sura yake. Nywele hazing'oki zote. Zinakatika karibu na ngozi na kubaki vishina vifupi, kama jaruba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Katikati ya vishina kuna magamba ya kijivu, ukiyakwangua yanatoka kama majivu ya kuni. Na mara nyingi mnyama hajikuni sana.

Hapo ndipo unapokitofautisha na upele. Mbwa mwenye upele hujikuna mchana na usiku, ngozi yake inakuwa nene, hasa kingo za masikio na viwiko. Upele wa mbwa nao huwasha watu, ila tiba yake ni nyingine kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu ya sindano ya ivermektini. Watu wengi huku kwetu wakiona mnyama ananyonyoka wanaomba sindano hiyo. Inaua wadudu wa upele. Fangasi haimgusi. Ukichoma na kurudi nyumbani ukiwa umeridhika, umempa choa mwezi mzima wa kusambaa.

Ukitaka uhakika, nunua mswaki mpya, umsugue mnyama mwili mzima kwa dakika mbili au tatu, ukimalizia kwenye vipara, kisha uufunge kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni, unatunza unyevu na kuotesha vijidudu vingine. Mpelekee afisa mifugo wa kata yako. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wana kituo Mtwara, muulize kama sampuli inaweza kupelekwa huko. Kuotesha fangasi kunachukua wiki kadhaa, kwa hiyo usikae ukisubiri majibu ndipo uanze usafi.

Hatua ya pili: kagua watu wote wa nyumba, hata wasiolalamika

Kwenye mwili choa ni duara lenye ukingo ulioinuka kidogo, wenye magamba au vipele vidogo, na katikati panaonekana kama panapona. Vitabu vingi husema ni jekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo: utaona kahawia iliyokolea, kijivu, au zambarau kidogo. Tumia kidole, ukingo unausikia kabla jicho halijauona. Tafuta pale mnyama anapogusana na mtu: shingo, mashavu, mikono kwa ndani, tumbo la mtoto anayelala na paka kifuani.

Kichwani tunayaita mapunye. Nywele hukatika kwa viraka, kuna magamba, na wakati mwingine tezi za nyuma ya shingo huvimba. Likitokea vimbe laini lenye usaha, linalobonyea kama embe lililopitiliza kuiva, mtu asilipasue. Linafanana na jipu lakini ni mwili unaopigana na fangasi kwa nguvu zote, na wembe utaacha kovu ambalo nywele hazitaota tena. Huyo mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuna mabaka mawili ya kutofautisha. Utangotango, yale madoa mepesi ya kifuani na mgongoni yanayozidi wakati wa joto, nao ni fangasi ila hautoki kwa mnyama. Na ukoma. Baka la ukoma huwa na rangi iliyofifia au wekundu wa shaba, haliwashi, na ndani yake mtu hasikii vizuri. Mwambie afumbe macho, mguse kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, ndani ya baka na nje yake, aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Akishindwa kuonyesha ndani ya baka, achana na dawa za fangasi na umpeleke kituo cha afya. Dawa za ukoma hutolewa bure nchini kote, na zikianza mapema mtu hapati ulemavu.

Hatua ya tatu: dawa ya ngozi ya mwili

Omba klotrimazoli ya asilimia 1 iliyo peke yake. Osha sehemu kwa maji na sabuni ya kawaida, kausha vizuri, paka asubuhi na jioni. Anzia nje ya duara, vidole viwili kutoka kwenye ukingo, ukielekea ndani, maana fangasi yuko mbele ya unapomwona. Endelea wiki mbili hadi nne, na ngozi ikishakuwa laini ongeza wiki moja au mbili. Hapa ndipo wengi tunapoanguka: muwasho ukiisha tyubu inawekwa juu ya kabati. Mikonazoli hufanya kazi vilevile. Tabinafini ya kupaka humaliza haraka zaidi, wiki moja mpaka mbili. Mafuta ya Whitfield, yale ya asidi ya benzoiki na salisiliki, ni ya bei nafuu na yanafaa kwenye ngozi ngumu ya mikono na miguu, lakini yanachubua: yasiguse uso, kinena wala ngozi ya mtoto mchanga.

Sasa tyubu ile niliyouziwa mimi. Soma jina la dawa kwenye boksi kabla ya kulipa. Ukiona betamethasone, clobetasol au dexamethasone, hiyo ina steroidi. Steroidi hutuliza muwasho kwa kuulaza mwili usipigane, na fangasi anapata shamba lisilo na mlinzi. Duara hupoteza ukingo wake, linasambaa, na hata tabibu akiliangalia halitambui tena. Shingo ya mwanangu ilikuwa hivyo. Alipoipima, tabibu aliniuliza swali moja tu: "Mama, mtoto umempaka nini kabla ya kuja?" Nikamwonyesha tyubu, akatikisa kichwa. Tulisimamisha kila kitu siku kadhaa, akakwangua magamba ya ukingoni, akaweka tone la potasiamu haidroksaidi na kuangalia kwa darubini. Majibu siku hiyohiyo. Ni kipimo rahisi, kiulizie. Na mikorogo mingi ya kung'arisha ngozi ina clobetasol ndani. Mwenye choa na anayejichubua aache mkorogo kwanza.

Nenda kwa tabibu bila kusubiri kama choa kiko usoni karibu na jicho, kimeenea sehemu nyingi, kiko kwenye kucha, mgonjwa ni mchanga, ana kisukari au anaishi na virusi vya UKIMWI, au umepaka wiki mbili sawasawa bila nafuu. Hospitali ya Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, Ndanda au Nyangao kwa walio barabara ya Masasi: popote unapofika, uliza kama yupo tabibu aliyesomea ngozi.

Hatua ya nne: kichwa kinahitaji dawa ya kumeza

Mafuta ya kupaka hayafiki kwenye mzizi wa unywele, na ndiko fangasi alikojificha. Mapunye yanahitaji vidonge vya daktari. Mwambie wazi: "Nyumbani tuna paka mwenye vipara." Sentensi hiyo inabadilisha chaguo la dawa, kwa kuwa kwa fangasi wa paka griseofulvini kwa kawaida hufanya kazi vizuri kuliko tabinafini. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, na tiba huenda wiki sita, nane, au zaidi.

Griseofulvini inaingia mwilini vizuri ikimezwa pamoja na mafuta. Kidonge cha binti yangu tulikipanga na wali wa nazi wa mchana au samaki wa kupaka, na siku za uji tulisaga korosho ndani yake. Mjamzito haruhusiwi dawa hii, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amwambie daktari kwa sababu inapunguza nguvu ya vidonge hivyo. Usikubali kuuziwa vidonge vya ketokonazoli dukani kama mbadala: mwaka 2013 Marekani iliviwekea vizuizi vikali, na Ulaya ikapendekeza visitishwe, kwa sababu ya madhara kwenye ini. Shampuu ya ketokonazoli haina shida hiyo. Mara mbili au tatu kwa wiki, watoto wote wa nyumba, inapunguza spora kichwani wakati vidonge vinafanya kazi.

Si lazima kumnyoa. Binti yangu alilia siku shangazi yake alipoleta wembe, na kumbe kilio chake kilikuwa cha haki. Tiba ikishaanza, mtoto aende shule na chuoni kama kawaida. Kinachotakiwa ni kila mmoja na kitana chake, ushungi wake, kofia yake. Kinyozi naye aambiwe, mashine yake ipite kwenye dawa kabla ya kichwa kingine.

Yasiyotakiwa kupakwa

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu mikoa yetu ina hatari zake ambazo mwongozo wa mahali pengine hautazitaja.

Ya kwanza ni salfa. Kila nyumba yenye mikorosho ina mabaki ya salfa ya unga iliyonunuliwa kwa ajili ya ubwiriunga. Ubwiriunga ni ukungu, choa ni fangasi, na watu wanaunganisha: ikiua ule itaua huu. Ni kweli kwamba madaktari wa wanyama wana dawa ya kuogeshea yenye salfa na chokaa, iliyotengenezwa na kupimwa kwa ngozi. Ile ya kupulizia mikorosho si hiyo. Inachoma macho na mapafu, na paka akijilamba, maana paka hujilamba kutwa, yote inaishia tumboni.

Ya pili ni utomvu wa ganda la korosho. Mabibi wanaobangua korosho hupaka mafuta au majivu mikononi kabla ya kazi, wanaujua ukali wake. Ukiupaka kwenye choa ngozi inaungua, gamba linabanduka, duara linaonekana limekwisha, na chini yake kunabaki kidonda na kovu jeusi. Nimeona kovu la namna hiyo shavuni mwa mtoto wa jirani, la mviringo kamili, la maisha. Maji ya betri na kitunguu saumu kibichi kilichofungwa kwa kitambaa navyo vinaunguza vivyo hivyo.

Ya tatu ni oili chafu ya gari kwa mbwa. Ina sumu inayopenya ngozi, na mbwa huilamba. Kwa paka ongeza mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe, na dawa za majimaji za kuulia vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe. Ini la paka haliwezi kuzisafisha. Anaweza kufa kwa kitu ambacho mbwa amevumilia.

Hatua ya tano: mnyama atibiwe, asitupwe

Najua kishawishi. Mume wangu alisema kirudishwe mnadani. Paka aliyetupwa anaenda kulala kwa jirani, na mwezi ujao watoto wa jirani wanakuja kucheza kwako. Mtenge kwenye chumba kimoja chenye sakafu inayosafishika, bafu la zamani au jiko la nje, na boksi la karatasi la kulalia ambalo utalichoma na kuweka jingine kila wiki. Mtu mzima mmoja ndiye amhudumie. Kitoto cha paka kinahitaji kuguswa na kuchezewa ili kisiwe mkali, kwa hiyo kaa nacho, na nguo yako ya shughuli hiyo ibaki mlangoni.

Dawa ya kuogesha ambayo nashauri uulizie ni shampuu ya wanyama yenye mikonazoli na kloreksidini. Maduka mengi ya mifugo huku hayaiweki, lakini huweza kuagiza Dar es Salaam. Mara mbili kwa wiki, maji ya uvuguvugu, povu likae dakika kumi kabla ya kusuuza, kisha mkaushe kwa taulo lake. Mwenye manyoya marefu yakatwe kwa mkasi usio na ncha kali, na nywele zote zichomwe. Vidonge, kama itrakonazoli, ni vya daktari wa mifugo kuamua kwa uzito. Usimgawie paka dawa ya mtoto.

Paka mwenye afya huweza kupona mwenyewe kwa miezi miwili hadi minne, lakini muda wote huo anamwaga spora. Tibu wanyama wote wa nyumba kwa pamoja, na mlishe vizuri. Kitoto chetu kilianza kuota nywele wiki ya tano, kilipokuwa kimenenepa.

Hatua ya sita: nyumba

Lengo la usafi ni nywele. Mfagio mkavu wa chelewa unazirusha hewani, hivyo nyunyiza maji kwanza au futa kwa kitambaa kibichi. Kwenye viti vya vitambaa zungushia seloteepu mkononi, upande wa gundi nje, ubandue nywele. Fanya hivyo kila siku.

Mara mbili kwa wiki osha sakafu kwa sabuni, suuza, kisha pitisha jiki: kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji, sakafu ibaki mbichi dakika kumi. Sabuni lazima itangulie kwa kuwa jiki hupotea nguvu kwenye uchafu. Usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya usafi, madirisha yawe wazi, na paka asirudi mpaka pamekauka. Mikeka ya ukindu na miswala isuguliwe kwa brashi na sabuni na ianikwe jua kali. Kanga na mashuka yafuliwe mara mbili kwa sabuni, peke yake bila nguo za wengine, kisha yapigwe pasi. Mto wa sufi haufuliki. Kama paka aliulalia, achana nao.

Kwa wa Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya maji ni pesa, kazi ya seloteepu na kitambaa kibichi ndiyo ipewe uzito, maana inatoa sehemu kubwa ya spora bila maji mengi. Weka akiba ya maji kwa mashuka na sakafu ya chumba cha mnyama. Kwa sakafu ya udongo jiki haifanyi kazi: lowesha, kwangua tabaka la juu, siriba upya, na mnyama asiingie hapo mpaka apone.

Lini uache

Mtu: wiki moja au mbili baada ya ngozi kuwa laini kwa kidole. Kichwa: daktari ndiye aseme, hata kama nywele zimeota. Mnyama: vipara vyote viwe vimefunikwa, kisha ongeza wiki mbili za kuogesha; na kama maabara inapatikana, rudia kipimo cha mswaki. Kama choa kinarudi baada ya haya yote, kuna mnyama hamjamtibu. Kwetu alikuwa paka wa jirani anayelala darini, mzuri, bila kipara hata kimoja.

Yule wa majivu sasa ni jike kubwa. Kila Ijumaa nampakata barazani, nakunja sikio la kushoto, napuliza.